Deng Shichang: nahodha aliyeachwa kwenye listi ya kwenda Ulaya, akafa na meli yake

Leo naweka pembeni siasa na mpira. Nataka nimlete kwenu jamaa mmoja ambaye kule China hata mtoto wa shule anamjua, ila huku kwetu nadhani wengi tutakuwa tunamsikia kwa mara ya kwanza. Anaitwa Deng Shichang (kwa Wachina jina la ukoo ndilo linatangulia, kwa hiyo Deng ni ukoo wake). Alikuwa nahodha wa manowari Zhiyuan, na alizama nayo tarehe 17 Septemba 1894 kwenye Bahari ya Njano, kati ya China na Korea.

Ukisoma habari zake sehemu nyingi, wanakupa ile nusu saa ya mwisho tu. Meli inaungua, nahodha anaigeuza imkabili adui, mlipuko, basi, shujaa. Sinema yenyewe. Mimi nusu saa ile nitaifikia, msijali, lakini kilichonifanya nikae chini niandike ni miaka 27 iliyotangulia. Kwa sababu ukiijua hiyo ndipo unaona kwamba jamaa hakufa kwa bahati mbaya ya vita tu. Alikuwa analipa deni ambalo hakulikopa yeye.

KIJANA WA KUSINI

Deng alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1849 huko Panyu, sehemu ambayo leo imemezwa na jiji la Guangzhou, kusini mwa China. Familia yao ilikuwa ya wafanyabiashara wa chai. Si maskini, lakini si wakubwa wa serikali pia.

Wakati anazaliwa, China ilikuwa imeshapigwa na Uingereza kwenye Vita ya Kasumba ya mwaka 1839 hadi 1842. Meli za mvuke za Waingereza zilikuwa zinaingia mpaka ndani ya mito, na majahazi ya mbao ya Wachina hayakuweza kufanya kitu. Akiwa bado mtoto ikaja vita ya pili, ya 1856 mpaka 1860, na safari hii majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakaingia mpaka Beijing. Kwa hiyo kizazi chake kilikua kikiona kwamba mwenye meli ndiye anayepanga bei.

Baba yake alimpeleka Shanghai, mji uliojaa wageni, na huko dogo akajifunza Kiingereza kwa Wazungu. Siku zile Mchina anayejua Kiingereza alikuwa na njia moja rahisi ya kutajirika: kuwa dalali wa makampuni ya kigeni. Yeye akachukua njia nyingine.

Mwaka 1866 gavana mmoja aitwaye Zuo Zongtang alianzisha kiwanda cha meli pamoja na shule ya wanamaji pale Mawei, jirani na mji wa Fuzhou. Msimamizi mkuu alikuwa Shen Baozhen, na wataalamu wa kigeni waliongozwa na Mfaransa Prosper Giquel. Shule ilikuwa na pande mbili: upande wa kujenga meli walisoma kwa Kifaransa, upande wa kuendesha meli walisoma kwa Kiingereza. Mwaka 1867 Deng akaingia upande wa kuendesha meli, kwenye darasa la kwanza kabisa. Alikuwa na miaka 17 na kitu.

Walisoma aljebra, jiometri, trigonometria na elimu ya nyota, yaani vitu vya kumwezesha nahodha kujua yuko wapi katikati ya bahari isiyo na alama. Mwaka 1871 wakapandishwa meli ya mafunzo Jianwei, wakafika mpaka Singapore na Penang. Waliporudi, China kwa mara ya kwanza ilikuwa na vijana wake wenyewe wanaoweza kushika usukani wa meli ya kisasa bila kushikwa mkono na Mzungu.

LISTI

Sasa hapa ndipo mimi jamaa alipoanza kunigusa.

Mwaka 1877 serikali ikachagua vijana wa shule ile wapelekwe Ulaya kusoma zaidi. Kwenye listi wakawemo wenzake akina Liu Buchan, Lin Taizeng, Fang Boqian na Yan Fu. Wengine wakaenda chuo cha wanamaji cha Greenwich pale Uingereza, wengine wakapangwa kwenye manowari za Waingereza wajifunze kazi kwa vitendo.

Deng Shichang HAKUWEMO.

Siyo kwamba alifeli. Alikuwa tayari anafanya kazi baharini. Tangu 1874 alikuwa ofisa kwenye meli ya usafirishaji, wakati ule China na Japani zinavutana juu ya kisiwa cha Taiwan, na wakubwa waliona pwani inahitaji maofisa wenye uzoefu. Yaani kwa kuwa alikuwa anafaa kazini, ndiyo maana akaachwa. Sisi tuliomaliza sekondari halafu tukasimama mbele ya ubao wa matangazo tunatafuta jina letu, tunakwenda juu, tunarudi chini, halimo... tunajua hiyo inauma namna gani.

Na mambo yakazidi kuwa mabaya. Waziri mkubwa wa kaskazini, Li Hongzhang, alikuwa anaunda jeshi jipya la majini lililoitwa Beiyang, akamchukua Deng na kumpa boti ndogo ya mizinga iitwayo Zhennan. Mwaka 1880 boti ikagonga mwamba. Ilitolewa, haikupotea, lakini nahodha akavuliwa madaraka. Ana miaka 30 na ushee, wenzake wamerudi au wanarudi na vyeti vya Ulaya, yeye ana doa kwenye faili. Wengi hapo ndiyo mwisho wa habari yao.

NEWCASTLE KWA MLANGO WA NYUMA

China ilikuwa imeagiza manowari mbili aina ya kruza kutoka kiwanda cha Armstrong, mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Kruza ni manowari isiyo nzito kama zile kubwa za deraya, lakini yenye mbio na yenye uwezo wa kwenda mbali. Meli hizo ziliitwa Chaoyong na Yangwei. Mpaka wakati huo meli za namna hiyo zililetwa China na mabaharia wa kizungu wa kukodi. Safari hii serikali ikasema tunakwenda kuzichukua wenyewe. Kiongozi akawa Ding Ruchang, mtu aliyetokea jeshi la wapanda farasi, na kati ya maofisa waliohitajika akawemo Deng, kwa kuwa Kiingereza anakijua na bahari anaijua.

Kwa hiyo mwaka 1881 jamaa akafika Uingereza. Hakuja kama mwanafunzi. Alikuja kama mfanyakazi aliyetumwa kuchukua mzigo. Lakini muda wote waliokuwa wanasubiri meli zikamilike alikuwa anazunguka viwandani na bandarini, anaangalia Waingereza wanavyojenga, wanavyofundisha mabaharia, wanavyotunza mashine. Alijisomesha kwa macho.

Agosti 1881 wakang'oa nanga, Deng akiwa kwenye Yangwei. Safari haikuwa lelemama, maana katika Bahari ya Mediterania Yangwei iliishiwa makaa ya mawe ikabaki inaelea mpaka ikapata msaada. Lakini wakapita Suez, wakavuka Bahari ya Hindi, na mwisho wa mwaka wakafika kaskazini mwa China. Ilikuwa mara ya kwanza manowari kuletwa kutoka Ulaya na mabaharia Wachina chini ya bendera ya China. Deng akapewa unahodha wa Yangwei. Doa likafutika.

Wengine hawakurudi. Makaburi matano ya mabaharia Wachina wa safari ile na ya pili yake yapo Newcastle mpaka leo, kwenye makaburi ya St John's eneo la Elswick, na mwaka 2019 yalikarabatiwa.

Mwaka 1884 ikaja vita na Ufaransa. Tarehe 23 Agosti manowari za Wafaransa zilizokuwa zimetia nanga pale pale Mawei zikaanza kupiga, na kwa muda usiozidi saa moja kundi zima la meli za Fujian likawa limekwisha. Pale ndipo alipokuwa amesomea. Kati ya waliokufa walikuwemo watu aliosoma nao. Yeye alikuwa kaskazini na Yangwei. Inasimuliwa kwamba katika kipindi hicho hicho baba yake alifariki, naye hakwenda kumzika kwa sababu ya vita. Kwa Mchina wa wakati ule, mtoto kutomzika baba ni jambo zito sana.

ZHIYUAN

Mwaka 1887 akatumwa tena Newcastle. Armstrong walikuwa wamejenga kruza nyingine mbili, Zhiyuan na Jingyuan, na kiwanda cha Ujerumani kilikuwa kimejenga nyingine mbili. Deng akakabidhiwa Zhiyuan. Jina lake maana yake ni kama kusema kufika mbali.

Meli yenyewe ilishushwa majini Septemba 1886. Uzito wake ulikuwa tani 2,300 hivi, urefu mita 76, mbio zake zaidi ya maili 18 za baharini kwa saa. Ilibeba mizinga mitatu mikubwa ya Krupp yenye mdomo wa milimita 210, miwili ya inchi 6, mizinga midogo kibao na mirija minne ya kurushia torpedo. Ilikuwa ndiyo yenye mbio kuliko manowari zote kubwa za Beiyang. Kwa mwaka 1887 hii ilikuwa meli ya kutembelea kifua mbele.

Safari ya kurudi iliongozwa na Mwingereza William Lang, aliyekuwa mkufunzi wa jeshi la Beiyang, na inasemekana Deng aliitumia njia nzima kufanya mazoezi. Mchana moto wa kuigiza, usiku meli inavuja kwa kuigiza, kila mtu mbio mahali pake. Mabaharia hawakulala.

Waliporudi, maisha yake yakawa haya. Makao ya Beiyang yalikuwa Weihaiwei, kwenye kisiwa cha Liugong. Kanuni ilisema maofisa walale melini. Lakini maofisa wengi walijenga nyumba kisiwani, wakaleta familia, jioni wakawa wanashuka kwenda kunywa, kucheza kamari na kutazama michezo ya kuigiza. Deng hakunywa, hakucheza kamari, hakwenda kwenye michezo. Alilala kwenye meli yake. Katika miaka yote ile ya utumishi alikwenda kwao mara za kuhesabu vidole.

Na wenzake walimpenda kwa hilo? Thubutu! Wengi wao walikuwa watu wa Fujian, wanajuana toka utotoni, wanaongea lugha yao. Yeye alikuwa Mkanton, mtu wa kuja. Wakamtungia jina la utani la kumaanisha ni mtu nusu kichaa. Tuseme ukweli pia, alikuwa mkali kupita kiasi na mabaharia wake walimwogopa. Sitaki kumchora malaika. Rafiki yake anayetajwa sana kwenye simulizi ni mbwa wake.

PESA IMEKWENDA WAPI?

Hapa wadau tusome pole pole, maana ndipo penye kiini.

Mwaka 1888 jeshi la Beiyang lilizinduliwa rasmi, na lilikuwa kubwa kuliko lolote katika Asia ya Mashariki. Lilikuwa na manowari mbili kubwa za deraya kutoka Ujerumani, Dingyuan na Zhenyuan, ambazo Japani haikuwa na mfano wake. Halafu... likaachwa hapo. Baada ya mwaka huo hakuna manowari kubwa mpya iliyonunuliwa nje kwa ajili ya Beiyang. Mwaka 1890 Lang akaondoka baada ya ugomvi wa madaraka, na mazoezi yakalegea. Mwaka 1891 wizara ya fedha ikapiga marufuku kununua mizinga na meli za nje kwa miaka miwili.

Wakati huo huo fedha zilizopita kwenye mfuko wa wanamaji zilikuwa zinatumika kutengeneza Kasri la Majira ya Joto nje ya Beijing, kwa ajili ya mama mkubwa wa dola, Cixi, aliyekuwa anatimiza miaka 60 mwaka 1894. Ni kiasi gani hasa, wanahistoria wanabishana. Lakini kitu kimoja kipo pale na watalii wanakipiga picha kila siku: ukingoni mwa ziwa la kasri kuna mashua yenye kitako cha mawe, urefu mita 36, iliyojengwa upya mwaka 1893. Haielei. Haiendi popote. Mwaka mmoja kabla ya vita, ndiyo chombo kipya walichopata.

Upande wa pili je? Mwaka 1891 manowari sita za Beiyang zilitembelea Japani, Zhiyuan ikiwemo. Lengo lilikuwa kuwatisha kidogo. Wajapani wakapanda, wakaangalia, wakashukuru, wakaenda kujipanga. Mwaka 1893 mfalme wao Meiji akaahidi kutoa yen 300,000 kila mwaka kwa miaka sita kutoka mfuko wa nyumba yake, na watumishi wa serikali wakakatwa sehemu ya kumi ya mshahara, yote kwa ajili ya meli.

Na meli walikwenda kununua wapi? Kwa Armstrong, Newcastle, duka lile lile. Desemba 1892 pale Elswick ilishushwa majini kruza ya Japani iitwayo Yoshino, mbio maili 23 kwa saa, yenye mbio kuliko kruza yoyote duniani wakati huo. Pia ilikuwa na mizinga mipya ya kufyatua haraka. Mizinga ya zamani kama ya Zhiyuan, kila ukifyatua, mzinga unarudi nyuma, lazima urudishwe na ulengwe upya, na baruti inapakiwa kando na kombora. Mpya ilikuwa na breki ya maji inayourudisha wenyewe mahali pake, na baruti iko ndani ya kopo la shaba. Mzinga wa zamani ukipiga mara moja, mpya umeshapiga mara kadhaa.

Kwa hiyo meli ya kutembelea kifua mbele ya 1887, ilipofika 1894 ilikuwa imeshazeeka. Haikuzeeka kwa kutu. Ilizeeka kwa sababu jirani hakulala.

TAREHE 17 SEPTEMBA 1894

Tarehe 25 Julai 1894 Yoshino na wenzake walizishambulia meli za China karibu na Korea, na kruza Naniwa ikaizamisha meli iliyobeba askari wa China, mamia wakafa. Vita ikatangazwa tarehe 1 Agosti.

Katikati ya Septemba Ding Ruchang alisindikiza meli za askari mpaka mdomo wa mto Yalu. Siku iliyofuata, mchana wa tarehe 17, moshi ukaonekana upande wa kusini. Kundi la Wajapani chini ya admirali Ito Sukeyuki lilikuwa linakuja.

Karibu saa saba mchana Dingyuan ikafyatua ya kwanza kutoka mbali. Ikakosa. Mtikisiko wa vita ukaangusha jukwaa alilosimama Ding Ruchang mwenyewe, akaumia, halafu mlingoti wa ishara ukapigwa. Toka hapo kila nahodha wa China akawa anapigana kwa akili yake. Yangwei, meli ya zamani ya Deng, na pacha wake Chaoyong zikashika moto mapema. Meli mbili zikatoroka. Makombora yenye baruti ya kutosha yalikuwa machache, mengi yaliyofyatuliwa yalitoboa tu bila kulipuka, wakati ya Wajapani yalikuwa yanawasha moto kila yanapotua.

Ilipokaribia saa tisa alasiri Dingyuan ilikuwa inaungua. Kwa jinsi Wachina wanavyosimulia, Zhiyuan ikasogea mbele kuikinga. Kwa saa mbili ilikuwa imeshatobolewa vya kutosha, inainamia upande mmoja, makombora yanakaribia kwisha. Mbele yake kulikuwa na kundi la kruza nne za mbio za Wajapani, Yoshino ikiongoza. Tatu kati ya hizo nne, Yoshino, Naniwa na Takachiho, zilizaliwa kwenye kiwanda kimoja na Zhiyuan. Fikirieni hilo kidogo.

Deng akaamuru injini zipewe mvuke wote na omo ielekezwe kwa adui. Watu wamemwekea mdomoni maneno mengi ya dakika ile, mimi nayaacha. Inatosha kwamba mabaharia wake, wale waliokuwa wanamwogopa, walikaa mahali pao. Zhiyuan ikakimbia kuelekea kwenye mizinga ile mipya, na mizinga ikaigeukia yote.

Haikufika. Kama saa tisa na nusu mlipuko mkubwa ukaipasua, ikazama kwa kutanguliza omo, tezi ikabaki juu na rafadha bado zinazunguka. Wengine wanasema ilipigwa na torpedo, wengine wanasema kombora liliangukia torpedo zake zenyewe. Melini walikuwemo watu zaidi ya 240, akiwemo fundi mkuu Mwingereza Alexander Purvis. Walionusurika walikuwa wachache sana.

Deng alionekana majini. Inasimuliwa kwamba alirushiwa boya akalikataa, kwamba mbwa wake alimshika kwa meno akijaribu kumwinua, na kwamba alimkumbatia mbwa wakazama wote. Ya mbwa ni simulizi, kila mtu aichukue anavyoona. Lakini hili la kalenda ni la uhakika: kwa kalenda ya mwezi ya Kichina, siku ile ilikuwa tarehe ya 18 ya mwezi wa nane, siku ya kuzaliwa kwake.

BAADA YA HAPO

China ilipoteza meli tano kwenye pambano lile, Japani hata moja. Februari 1895 Beiyang iliyobaki ikazingirwa Weihaiwei. Jingyuan, pacha wa Zhiyuan, ikazama humo. Ding Ruchang akajiua kwa kasumba. Aprili 1895 China ikatia saini mkataba wa Shimonoseki: taeli milioni 200 za fedha kama fidia, na Taiwan ikaondoka. Hesabu hiyo ilinunua mashua ya mawe ghali kuliko zote duniani.

Mtu anaweza kusema, ona, waliosoma Ulaya walikimbia, aliyeachwa ndiye akafa kiume. Ni kweli Fang Boqian, aliyesoma Greenwich, alikatwa kichwa wiki moja baadaye kwa kosa la kuondoa meli yake vitani, ingawa wapo wanaosema alibebeshwa lawama za wakubwa. Lakini Lin Yongsheng naye alisoma Uingereza, na siku ile ile alikufa akiongoza meli yake. Liu Buchan na Lin Taizeng walijiua kabla vita haijaisha. Kwa hiyo tusidanganyane, siyo suala la nani alikwenda nje na nani alibaki.

Mfalme Guangxu alimpa Deng jina la heshima baada ya kufa na familia ikapewa fedha. Nyumba ya ukoo wao Guangzhou leo ni makumbusho. Mwaka 1962 ikatoka sinema juu yake, na miaka ya 1990 jeshi la majini la China likaiita meli moja ya mafunzo jina lake, Shichang. Meli ya MAFUNZO, hapo wamepatia kabisa.

Zhiyuan yenyewe ilipatikana. Wapiga mbizi walichunguza mabaki karibu na bandari ya Dandong kuanzia 2013, na mwaka 2015 wakathibitisha ni yenyewe: vyombo vya kauri vyenye jina la meli, bunduki ya Gatling, na darubini yenye jina la msaidizi wake mkuu, Chen Jinkui. Mtu anashika darubini, anaangalia mbele, anajua kinachokuja, na bado yuko.

Na Yoshino? Tarehe 15 Mei 1904, wakati Japani inapigana na Urusi, kwenye ukungu iligongwa na kruza nyingine ya Japani, Kasuga, ikazama na watu zaidi ya 300. Walichoshindwa akina Deng kilifanywa na mwenzake mwenyewe, kwa bahati mbaya. Sishangilii, na wale walikuwa watoto wa watu.

Mimi ninachokiona ni hiki. Juhudi ya Deng ilimfikisha alikofika: hakupelekwa shule akajifunza kwa macho, alivuliwa cheo akarudi, alicheka naye nani hakuna lakini meli yake ilikuwa tayari. Hilo ni somo letu sisi tusio na majina kwenye listi. Lakini somo la pili ndilo zito. Nchi iliyonunua meli nzuri halafu ikaacha kununua makombora ilikuwa imeshaamua, miaka mingi kabla, kwamba siku moja mtu mwaminifu atalazimika kutumia meli yenyewe kama kombora. Halafu ikamjengea sanamu. Ushujaa wake naupigia saluti. Ila kila nikisikia nchi yoyote inasifu mashujaa wake wa namna hii, nitauliza kwanza nani alikula bajeti.

Nimemaliza wadau. Wenye la kuongeza au kunikosoa, sehemu ya maoni ni hapo chini, tushushe hoja bila matusi. Tuko pamoja.